Maji ya Kulaza Vumbi la Matanga

Kama mlidhani Bhoke Maroa kazi yake ni kuzima moto, ngojeni niwaeleze. Bhoke, mzaliwa wa Kegonga, ndiye mkuu wa kikosi cha zimamoto katika mji mmoja ulio kati ya Rongo na Homa Bay. Tuuite Kadwet, ili tusigombane na mtu. Gari la kikosi ni moja, jekundu, la serikali, na mara nyingi linazima vumbi. Mheshimiwa, mbunge wetu, akiwa na mazishi, linaitwa linyunyize uwanja ili viatu vya wakubwa visichafuke. Akiwa na harusi, linaitwa lijaze mapipa ya wapishi. Moto wenyewe haupeleki mwaliko kwa mtu, basi hungoja zamu yake.

Ndivyo ulivyongoja mwaka jana, duka la Teresa, fundi wa nguo, lilipowaka. Kikosi kilifika king'ora kikilia mji mzima. Bhoke akafungua paipu, ikakohoa, ikatema maji ya kujaza kikombe cha chai. Mengine yote yalikuwa yamebaki kwenye sufuria za harusi. Watu waliokota mawe, na kioo cha mbele kina ufa hadi leo. Mawe Bhoke aliyasahau. Kilichomkaa moyoni ni kwamba Teresa hakurusha hata moja. Alikaa chini tu akaangalia sare za watoto wa shule, alizokuwa amemaliza kuzishona, zikigeuka majivu. Siku hiyo Bhoke akajiapia kwamba hatafika tena kwenye moto na tangi tupu, hata ikibidi adanganye.

Na ikabidi. Mheshimiwa alikuwa anamzika baba yake mdogo, na mkubwa mmoja kutoka Nairobi alikuwa anatarajiwa. Bwana Bogonko, afisa wa itifaki, mtu wa suti na simu mbili, alitaka maji yote yamwagwe. Bhoke alinyunyiza mstari mwembamba mbele ya hema la wageni, akafunga.

"Mbona umeacha? Vumbi si bado liko?"

"Yaliyobaki ni ya chini, Bwana Bogonko. Yana kutu. Yakirukia nguo ya mtu, hayatoki."

Bogonko aliangalia suruali yake, kisha tangi, kisha suruali tena. "Basi yaache yatulie," akasema, kama mtu aliyesomea maji.

Cephas, dereva, aliinamisha uso kwenye usukani mabega yakitikisika. Cephas ni Mjaluo wa hapo hapo, na humwita mkuu wake nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria. "Nyar Kuria," alimwambia kwa sauti ya chini, "wewe utafukuzwa kazi, na mimi nitafukuzwa kwa kucheka."

Mchungaji alikuwa ameanza kuhubiri simu ya Bhoke ilipolia. Alikuwa Teresa.

"Moto uko kwa fundi wa kuchomelea vyuma, nyuma ya duka langu jipya. Njoo. Lakini kama huna maji, usije."

Bhoke alipanda garini. Bogonko akasimama mbele yake, mikono ameitandaza. Kwa itifaki, alieleza, hakuna gari linalotoka kabla ya Mheshimiwa kuongea. Bhoke akamwambia soko linaungua. Bogonko akasema soko lingojee kidogo, Mheshimiwa ni wa tatu kwenye orodha ya wasemaji. Cephas hakungoja wa pili. Aliwasha king'ora, na Bogonko akajikuta amerukia pembeni, itifaki na yeye.

Sasa, king'ora kwa watu wa Kadwet kina maana moja: mkubwa amefika. Vijana wa bodaboda, waliokuwa wamekaa kivulini wamefunga matawi kwenye pikipiki zao, waliruka wote, maana anayempokea mkubwa barabarani huwekewa mafuta. Mheshimiwa alipoona bodaboda zinaondoka, na mpinzani wake wa kisiasa, aliyekuwa naye amehudhuria, anakimbilia gari, aliamini mwenzake anataka kumtangulia kumsalimia mgeni wa Nairobi. Akaondoka katikati ya mahubiri, gari la vipaza sauti likimfuata. Hema likabaki na mchungaji, mjane na wazee wachache. Tangu asubuhi ilikuwa kelele tu. Sasa ndipo yakawa mazishi, na mjane akapata nafasi ya kulia.

Sokoni, karakana ya fundi ilikuwa imeshakwisha, na ndimi za moto zinalamba ukuta wa mbao wa Teresa. Bhoke alielekeza paipu ukutani. Maji yakatoka kwa nguvu, lakini alijua ni tangi moja tu na hayatadumu. Ndipo bodaboda zikafika, matawi yakipepea, kila mmoja akiuliza mkubwa yuko wapi.

"Mkubwa ni huu moto," Bhoke akawaambia. "Chukueni mitungi, mkimbie kisimani."

Walinung'unika, wakaenda. Hawa ndio huuza maji mtaa kwa mtaa siku za kawaida. Kubeba mitungi minne kwa pikipiki kwao ni mchezo. Tangi lilipokauka, mitungi ilikuwa inafika. Moto ukafa pale ukutani.

Mheshimiwa alishuka kwenye tope jeusi, akatafuta mgeni, akaona umati. Hakupoteza muda. Alipewa kipaza sauti, akasema kwamba ameacha maiti ya baba yake ili awaokoe watu wake, na kwamba zimamoto hii ni maendeleo yake. Akapigiwa makofi. Fundi aliyeunguliwa alipiga pia, maana kamera ilikuwa upande wake.

Teresa hakuwa akisikiliza. Alimwendea Bhoke, akagusa koti lake lililolowa. "Leo umekuja nayo," akasema. Akarudi kufagia maji dukani.

Kikosi kilikuwa kando ya Mto Kuja kikijaza tangi Bogonko alipopiga simu. Mheshimiwa, alisema, amefurahi sana. Hata yale ya kutu yamesamehewa. Jumamosi ijayo kuna mazishi mengine, gari liende.

"Wapi?"

"Mfangano."

"Bwana Bogonko, Mfangano ni kisiwa."

"Tutaongea na watu wa feri. Na huko usiwe na wasiwasi wa maji, yako pande zote."

Bhoke alikata simu. Cephas akamuuliza amesema nini, naye akamwambia asizime pampu mpaka maji yafurike.