Nani Alilinyooshea Kidole Boga la Mama

Nilipokuwa mtoto kule Newala, hakuna aliyethubutu kulinyooshea kidole boga lililo bado kwenye mmea wake. Ukitaka kumwonyesha mtu, ulikunja ngumi ukaelekeza kwa ngumi, au ulichongoa midomo. Boga lililonyooshewa kidole huoza, ndivyo tulivyoambiwa, na mkubwa kwa mdogo tuliamini. Sasa nimepita miaka sabini, na hasira ya jambo lile bado ninayo mbichi, wala siionei haya.

Watu walimwita mama yangu Mama Somoe, kwa jina langu mimi mzaliwa wake wa kwanza. Ua wake ulitosha kutandika mikeka mitatu tu. Alichimba shimo moja nyuma ya bafu la nyasi, akalijaza samadi ya mbuzi na majivu, akapanda mbegu. Mmea ulipotambaa aliuzungusha humo humo uani, akavifukia vifundo vyake ili vitoe mizizi mingine. Maboga machanga yote aliyachuma tukayala na ugali. Alibakiza moja.

Maji tuliyafuata chini bondeni, mtungi kichwani, kutoka alfajiri mpaka jua linawaka. Ya kunywa hayakutosha, sembuse ya kumwagilia. Kwa hiyo boga lile lilikunywa maji ya kuogea. Mgeni akija kwetu, kabla hajamaliza salamu alikuwa amekwisha kuelekezwa bafuni. Majirani nao Mama aliwabembeleza waje na maji yao waogee kwetu. "Twende tukalinyweshe boga la Mama Somoe," walitania, na Mama alicheka nao. Boga lilinenepa mpaka mimi, msichana wa miaka minane, mikono yangu ikashindwa kulizunguka.

Kisha ikatangazwa kwamba boma la serikali litafanya maonyesho ya mazao, na mwenye boga kubwa kuliko yote atapewa pipa la chuma. Pipa! Ukilitega chini ya paa wakati wa mvua, unapumzika kwenda bondeni siku kadhaa. Mama alikuwa amewahi kuteleza na mtungi kwenye mawe ya ile njia, na tangu siku hiyo goti lake halikuacha kuvimba. Sifa hakuzitaka. Alitaka pipa.

Bwana shamba alikuja kuandika majina ya washindani, kaptula yake imenyooshwa kwa pasi, soksi mpaka magotini. Walikuwepo majirani wawili na Mjomba Saidi, kaka yake Mama, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli juu yetu sote. Mama alikifunua kipande cha mkeka kilicholifunika boga.

"Lo! Ndilo hili?" Bwana shamba akanyoosha kidole cha shahada, akakipitisha juu yake polepole kutoka kikonyoni mpaka kitakoni, kana kwamba analipima.

Wote waliona. Mjomba alikohoa. Mimi nikafungua mdomo: "Bwana, kwa ngumi..." Mama alinifinya bega mpaka nikanyamaza.

"Mtoto anasemaje?"

"Anakuamkia tena, bwana," akasema Mjomba. "Ana adabu sana huyu."

Bwana shamba akaandika kwenye daftari, akasifu, akaenda zake. Tangu siku ile Mama aliwaita watu waje kuoga asubuhi na jioni, ili boga lizidi kukua kabla ya maonyesho. Siku ya tisa tulisikia harufu. Mama alipoligeuza, upande wa chini ulikuwa umelainika kama uji. Aliketi chini kwenye matope, akalishika goti lake.

Mjomba aliwakusanya watu uani. "Nani alilinyooshea kidole?" aliuliza, na macho yake yalikuwa kwangu.

"Bwana shamba," nikajibu. "Wote mlimwona, Mjomba."

Alinizaba kofi. "Unamsingizia mtu wa serikali? Unataka tufungwe?"

Wale majirani wawili waliinamisha vichwa. Dawa yake ilijulikana: mwenye kosa hung'ata vidole vyake kimoja kimoja mbele ya watu, ili mkosi usihamie kwenye maboga ya wengine. Nilimtazama Mama.

"Ng'ata, mwanangu, yaishe," akasema.

Nikang'ata vyote kumi. Hayakuisha. Watoto wenzangu waliniita Kidole mpaka nikaolewa, na maboga yakianza kuzaa nilifukuzwa kwenye nyua za watu. Pipa lilikwenda kijiji kingine. Mama aliendelea kushuka bondeni akichechemea.

Leo ninapanda maboga nyuma ya bafu langu, na kila asubuhi nayanyooshea kidole yote, makusudi. Yanakua. Machache yanaoza, na nikiyageuza nakuta yamelalia maji. Boga la Mama liliuawa na maji ya kuoga, kwa pupa yetu wenyewe. Kidole cha bwana shamba hakikuwa na kosa, wala changu. Wanangu huniambia, basi tulia, jibu si umelipata? Situlii. Watu wale hawakujua habari ya maji. Waliamini kwamba kidole huozesha boga, na walijua vizuri kabisa kilikuwa kidole cha nani. Husemwa mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Mimi walininyonga, na haki yangu wakabaki nayo.

Uzeeni Mama alikuja kukaa kwangu, meno yote yamekwisha. Siku moja tulikuwa uani, akakunja ngumi akanielekezea boga. "Hilo limekua," akasema.

"Mama," nikamwuliza, "siku ile, uliona ni nani?"

Akaishusha ngumi yake. "Niliona. Niliogopa, mwanangu."

Kisha akainua mkono wake, akatia kidole cha kwanza kinywani, akakibana kwa fizi. Akafuata cha pili. Nilimpenda mama yangu, na ningeweza kumshika mkono nikamwambia basi. Sikumshika. Nilikaa palepale nikihesabu, mpaka vikatimia kumi.