Mama Mkwe wa Saa Mbili

Kabla ya kuwa mwigizaji, rafiki yangu alikuwa fundi cherehani wa kipindi chetu cha televisheni. Alishinda chumba cha mavazi, pini mdomoni, akipunguza viuno na kurefusha mikono. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikiwapaka waigizaji poda. Siku moja aliyepangiwa kuigiza mama mkwe hakutokea. Mwongozaji akachungulia mlangoni, akamkuta fundi anamgombeza kijana aliyepasua suruali mpya.

"Mama, hebu njoo," akasema. "Gomba hivyo hivyo, ila mbele ya kamera."

Kazi ya siku moja ikawa miaka kumi na mmoja. Kila Alhamisi saa mbili usiku watu waliacha shughuli zao wamtazame akimnyanyasa mke wa mwanawe: anamwaga chakula chake, anamfungia nje mvua ikinyesha. Mtaani wakamwita Mama Mkwe. Muuza nyanya alimgomea kabisa. "Hununui kitu hapa mpaka umwombe msamaha yule binti!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Naye alicheka, mwanzoni.

Kisha mwanawe wa kumzaa, wa pekee, akaoa. Binti mwenyewe mpole, mwalimu wa chekechea, na kipindi kile alikuwa akikitazama tangu yuko shuleni. Mama mkwe akiwatembelea, binti anakaa ukingoni mwa kiti kama aliyeitwa kwenye usaili. Alipojifungua, bibi alimpakata mjukuu dakika chache tu, mama mtu keshanyoosha mikono ampokee.

"Sijawahi hata kumpandishia sauti," aliniambia huku machozi yakiiharibu poda yangu. "Nifanyeje, shoga?"

Alimsihi mwandishi amlainishe yule mama. Mwandishi akakataa, akisema watazamaji watahama. Basi akaomba kuacha, wakamuua kwenye hadithi, na mtaani watu wakashangilia. Lakini marudio yaliendelea kila mchana, na binti hakubadilika.

Mwaka wa tano wa ndoa, figo za binti zikagoma. Mume alishinda kazini, kwa hiyo mama akahamia wodini kumuuguza. Siku ya kwanza aliposhika kijiko, mgonjwa wa kitanda cha pili akapaza sauti: "Nesi! Huyo mama asimlishe!" Baadhi wakacheka. Wengine hawakucheka. Mama akakirudisha kijiko bakulini.

Binti akafumbua macho. "Mwacheni," akasema. "Huyu ni mama yangu."

Siku nane walizungumza kuliko miaka yote iliyopita. Binti akamuuliza, "Ulinionaje siku ya harusi?"

"Nilikuona umepwaya kwenye gauni. Nikatamani kukubania kiunoni, nikaogopa utadhani nakudharau."

"Ningedhani hivyo kweli," binti akasema, wakacheka wote wawili. "Nisamehe, mama. Nilikuogopa bure."

Siku ya tisa, alfajiri, binti akafariki.

Msibani Mama Mkwe alilia kwa sauti, kamkumbatia mjukuu. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake: "Ona anavyojua kuigiza."

Nilitaka kumgeukia nimjibu. Nilipomtazama rafiki yangu nikajua amesikia. Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akamweka mtoto vizuri mapajani, akaacha kulia. Watu waliendelea kuingia na kutoa pole mpaka jioni, naye akawaitikia mmoja mmoja, macho makavu.