Shorewanda, Kindi na Kamba Yangu

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi niliona shimo la kwanza shambani, dogo kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Shubiri moja mbele palikuwa na jingine, kisha jingine, mpaka mwisho wa mstari. Karanga nilizopanda jana yake katika mstari ule hazikuwamo.

Kiwanda cha pamba nilikofanya kazi kilikuwa kimeuzwa kwa mtu binafsi, na mbegu ile niliinunua kwa fedha ya mwisho ya kiinua mgongo. Isipoota, hatukuwa na nyingine ya kupanda msimu ule.

Mke wangu alimshuku shorewanda, ndege mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, aliyekuwa akiimba mpapaini tangu alfajiri. "Huyo anakushukuru kwa karanga," alisema. Manati ilikuwa mkononi, lakini nilitaka kumpiga mwenye hatia. Nikakaa juu ya jiwe, nikaligeuzia kisogo ziwa lililo kando ya shamba, nikatazama.

Shorewanda alikuwa mwizi wa wazi. Alitoboa papai, akala upande mmoja, akaita wenzake kwa sauti. Chini hakushuka. Kindi alikuja kimya, mstari mweupe ubavuni. Akanusa, akachimbua, akasogea shubiri ileile, akachimbua tena bila kutafuta. Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimepanda kwa kamba, kama bwana shamba alivyotufundisha, nafasi sawa kwa sawa. Majirani waliotupia mbegu ovyo nyuma ya jembe walipoteza chache tu.

Mke wangu alicheka mpaka akashika kiuno. "Baba watoto! Foleni za sukari zimekwisha mjini, wewe umempangia kindi foleni ya karanga!"

Sikucheka. Mapapai niliyafunga kwa vipande vya gunia. Shorewanda akabaki kunitukana juu ya mti, nami nilifurahia kila tusi. Mbegu iliyosalia nyumbani tuliitupia ovyo kama majirani. Kisha, kwa ajili ya kindi, nikanyoosha kamba tena, nikapanda mstari mmoja ulionyooka kuliko yote. Mwisho wake nikaegemeza jiwe bapa juu ya vijiti, mtego niliojifunza nikichunga ng'ombe, na karanga ya mwisho chini yake.

Aliufuata mstari bila kuruka hata karanga moja. Jiwe lilipoanguka sikukimbilia kutazama. Nilimaliza kwanza chai yangu. Nilimchuna mwenyewe, nikamla kwa ugali, polepole.

Kwa mbegu aliyokwisha kunilia, kitoweo hicho kilinigharimu shilingi elfu nne na mia tano.