Helmeti ilikuwa moja, nikamnyima shemeji yangu

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Mimi ni mzee sasa, nasoma nyuzi zenu humu bila kuchangia. Leo naandika ya kwangu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Wakati wa vita nilikuwa fundi pikipiki, Fizi centre. Mafuta yalipokosekana, kazi ikafa.

Vijana tukaunda vigari vya mbao: ubao wa kukalia, beringi nne za kuchomoa kwenye malori yaliyoungua ndizo magurudumu, kamba ya kuongozea, na kipande cha tairi cha kukanyaga kama breki. Jumapili baada ya misa tunashindana kuteremka kilima. Watu walijaa. Kwa saa moja walisahau bunduki.

Helmeti, sisi tunaita kaske, ilikuwa moja tu, yangu. Tukakubaliana avae aliyeshinda Jumapili iliyopita, kama taji.

Yaani anayejua kuendesha ndiye aliyelindwa, anayejifunza anateremka kichwa wazi. Hakuna aliyeona kasoro, wakuu. Hata mimi fundi.

Amisi, mdogo wake mke wangu Riziki, alikimbia vita Mboko, kule ziwani kwa wavuvi, akaja kukaa kwetu. Siku yake ya kwanza kushindana, kaske ilikuwa kichwani kwangu maana Jumapili iliyopita nilishinda mimi, aliniomba:

"Shemeji, unipe kaske leo tu. Ile kona ya chini mi naiogopa."

"Ushinde kwanza," nikamwambia.

Wenzetu wakacheka. "Batu ba Mboko banajua samaki tu! Mumuvalishe sufuria!"

Naye akacheka. Akapanda.

Karibu na kona nikasikia beringi zake zinalia ubavuni kwangu. Alikuwa ananipita, na kanuni yetu ilisema anayepitwa asibadilishe njia. Kanuni hiyo niliitunga mimi.

Nikavuta kamba, nikamziba.

Magurudumu yakagongana, akarushwa kwenye mawe ya mfereji. Mimi pia nilipinduka. Helmeti ilipasuka, kichwa changu hakikupata hata mkwaruzo.

Manesi wa zahanati walikuwa wamekimbia. Tukambeba kwa machela kuelekea hospitali ya Baraka. Kwenye kizuizi wanajeshi wakatusimamisha, wanataka kujua nani amempiga risasi. Tukawaeleza ni mchezo, hawakuamini. Amisi alikata roho pale pale, kabla hawajainua ule mti wa kuzibia barabara.

Nyumbani Riziki aliuliza jambo moja:

"Kaske ilikuwa kwa nani?"

Nikajibu: "Nilimupatia, akakatala."

Uongo huo, kwamba alikataa kaske, ukaenea. Mpaka leo, kwenye kila msiba, familia inamtaja Amisi kama kijana wa kiburi aliyejiua mwenyewe. Mimi nimekaa hapo nimeinamisha kichwa, watu wanadhani ni majonzi.

Riziki alifariki mwaka jana. Siku zake za mwisho alikuwa bado amemkasirikia mdogo wake.

Nilichojifunza nakisema, ingawa kwangu hakisaidii tena. Mnaoshindana kwa vigari au pikipiki, kinga apewe kwanza asiyejua. Anayekupita mwache apite. Na marehemu msimbebeshe makosa yenu, hawezi kujitetea.

Mama yao bado yuko hai, Mboko, haoni vizuri. Nimeshaenda kwake mara mbili kumwambia ukweli. Mara zote mbili tukaongea habari za mihogo, nikarudi.

Nimwambie, au nitakuwa nimemuua na yeye?

Semeni chochote, wakuu. Hata matusi nitayasoma.