Salamu Chini ya Bomba

Usiku ule nililala ubavu, maana bega langu la kulia lilikuwa halitaki kuguswa hata na shuka. Mama alikuwa amelichua huku akisonya. "Mtu hata dukani haendi, bega limeumia wapi?"

Alijua. Uani kwetu kuna bomba la maji la zamani, lililokazwa juu ya nguzo mbili za kuanikia nguo. Alilikaza rafiki yangu Shomari, na hapo ndipo mimi, mtu wa ndani niliyekubuhu, nilipojifunza kuning'inia. Malaria ilimchukua Shomari kabla ya mvua. Jumapili wenzetu wa mazoezi wangekuja kumwombea dua, na kwa mdomo wangu huu nilishawaahidi kwamba tukimaliza dua nitakaa ubao.

Ubao ulikuwa mkao wake. Unashika bomba, mikono imenyooka, na mwili mzima unalala hewani, uso juu. Unaanza na magoti yamekunjwa kifuani, kisha unanyoosha mguu mmoja, kisha yote miwili. Shomari alikuwa na kipimo chake: anasimama chini yako, anakusalimia. Hujambo, nyumbani, mama, hadi kuku. Ukijibu zote bila kukatika pumzi, umepita. Mimi aliniacha kwenye hatua ya magoti. Alipokwenda, nikanyoosha miguu yote, bila kupimwa na mtu.

Usingizi ukaja. Nikajikuta kwenye korido yetu, lakini korido haiishi. Kanga za mama zimeanikwa, hazitikisiki. Nafungua mlango wa uani, na uani ni makaburini, na bomba letu lipo palepale, nguzo zimesimama kwenye mchanga mbichi. Sishangai. Nadandia, nanyoosha miguu.

Shomari anakuja na fulana yake iliyochanika kwapani. Viganja vyake vyeupe, vimepakwa unga wa muhogo, ule tuliokuwa tukiuiba jikoni kwa mama ili mikono isiteleze. Anasimama chini yangu.

"Hujambo?"

Nataka kujibu. Bega linawaka, kifua kimefungwa.

"Nyumbani hawajambo?"

Marehemu ananisalimia, nami nimekaza meno kama mtu aliyebanwa na haja. Anasubiri. Kisha anageuka, anaanza kuondoka, na ninajua, kama mtu anavyojua mambo ndotoni, kwamba nisipomjibu sasa hatarudi tena.

Nikakunja magoti. Pumzi ikaingia.

"Sijambo, Shomari! Hawajambo! Mama hajambo! Hata kuku!"

Akasimama. Akarudi polepole, akaniwekea vidole viwili chini ya kiuno, kama alivyozoea kunishikilia.

"Na bega je?"

"Halijambo."

Vidole vikaondoka. Nikahisi uzito wangu wote.

"Linauma," nikasema.

Vidole vikarudi, vya baridi.

"Mimi sina haraka tena, Mzee wa Ndani. Wewe unakimbilia wapi?"

Unga unadondoka kutoka kiganja chake cha pili, unatua kifuani kwangu bila sauti. Nainamisha macho nimtazame. Mchanga tu, na nyayo zinazoelekea upande mmoja.

Nikaamka nimekumbatia magoti yangu. Mama alikuwa mlangoni.

"Umeamkaje, baba?"

Kila siku humjibu kwa mguno, nikiwa ndani ya shuka.

"Salama, mama. Wewe umelalaje? Miguu imeacha kuuma?"

Akaja kunigusa paji la uso. "We! Una homa?"

"Sina. Bega ndilo linauma, mama. Linauma sana. Jumapili nitakunja magoti."

"Afadhali. Na unga wangu uniachie." Akageuka aende, akasita. "Lakini wenzio si watakucheka, na ulivyojigamba?"

"Wacheke. Ila mmoja wao asimame chini yangu, anisalimie."