Mbwa Wangu Alimvua Mama Mkwe Leso

Naomba ukurasa huu ufiche jina langu, maana hapa Gatitu tunajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, nina mke na mtoto wetu wa kwanza, msichana, ambaye bado ananyonya. Naandika nikiwa peke yangu nyumbani. Kwa aibu niliyo nayo hata kanisani siendi.

Mzungu niliyemfanyia kazi alipouza shamba akarudi kwao, aliniachia mbwa wake, Meja. Ni mbwa wa kulinda, kichwa kama sufuria ya harusi, na akisimama kuniegemea miguu yake ya mbele inafika mabegani mwangu. Kwa yule mzungu alikuwa akilala mlangoni na watoto wakimshika masikio. Niliagizwa nimlishe vizuri, nimtembeze kila siku na nimzoeze watu, kwa sababu mbwa mzito hivyo asiyezoea watu ni hatari. Mimi nikajifanya mjuaji. Nilimjengea kibanda cha mbao chenye giza, nikamfungia mchana kutwa ili awe mkali, nikakataza mtu mwingine kumpa chakula. Mke wangu alinionya, nikamwambia mambo ya mbwa aniachie.

Mtoto alipozaliwa, wanawake wa kwao mke wangu walikuja kumwona kama ilivyo desturi yetu, wakiimba, wamebeba kuni na unga migongoni. Mama mkwe alikuwa mbele. Meja akabweka, nyimbo zikakatika langoni. Jamani, nilifurahi. Nilitaka waone kwamba binti yao ameolewa kwa mtu mwenye boma. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikafungua kibanda, nikamtoa kwa mnyororo.

Hata hatujatokeza mbele ya nyumba wakatuona, mnyororo ukaniponyoka. Nikamkimbilia nikimwita, hakusikia. Kuni zikatupwa, watu wakatawanyika. Meja hakumuuma mama mkwe, lakini alishika leso aliyojifunga kiunoni akaivuta mpaka akabaki nayo mdomoni, na mimi nimesimama pale pale. Kwetu mtu hata kula mbele ya mama mkwe anaona haya, sembuse kumwona na petikoti.

Walipouliza, nikasema komeo la kibanda lilivunjika. Wakaniamini. Mke wangu akambeba mtoto, akaondoka nao.

Sasa baba mkwe ametuma neno: "Kuja na mbuzi ya kuosha hiyo aibu. Lakini kwanza hiyo mbwa ikufe."

Mbuzi ninaye. Meja sijamfungia tena tangu siku ile, na amerudia tabia yake ya zamani ya kulala mlangoni. Bado ananilinda, mimi niliyemsingizia.

Nikimuua, mke na mtoto watarudi, na uongo wangu nitauzika pamoja naye. Nikisema ukweli, itajulikana kwamba aliyemvua mama mkwe nguo ni mimi, kwa majivuno yangu, na sijui kama kuna mbuzi wa kuosha hiyo. Wananingoja Jumamosi. Ninyi wasomaji mnitukane mkitaka, lakini nishaurini, nifanye nini?