Mpira wa Katikati

Jumamosi nilisimama Mikumi kula chakula cha mchana kwenye hoteli ya kando ya barabara kuu. Televisheni ilikuwa inaonyesha mashindano ya tenisi, wanaume wawili kwa wawili. Kwenye meza ya jirani walikaa madereva wawili wanaopokezana lori moja la ndizi, lililoegeshwa nje.

Mpira ukapita katikati ya wachezaji wa upande mmoja. Hakuna aliyeinua mkono. Wakabaki wanatazamana kama wachumba.

"Watu wazima kabisa," akasema dereva mnene huku akilamba mchuzi kidoleni. "Kila mmoja anamsubiri mwenzake."

"Na wanalipwa," akajibu yule mwembamba. "Kwani hawana mdomo wa kuulizana?"

Nilifurahi. Si kila siku mtu anakula wali karibu na makocha wa kimataifa.

Mhudumu akaingia kutoka nje. "Shikamooni. Lile lori la ndizi ni lenu? Nyani wamepanda."

"Marahaba," wakaitikia kwa adabu zote. Kisha mnene akamgeukia mwenzake. "Si ulifunga turubai?"

"Mimi? Nilijua umefunga wewe."

Wakabaki wanatazamana.

Nikatoka kuangalia, nikawaacha makocha wangu bado wanaulizana. Juu ya lori nyani mmoja alikuwa anachomoa ndizi na kuzitupa chini, mwenzake anazidaka. Walifanya kazi kimyakimya, na sikuona hata ndizi moja iliyoanguka katikati yao.